Kwa Hayo Machache

Ukikaa Jeevanjee mchana, hapo katikati ya jiji, utawakuta watu wa Bunge la Mwananchi wakibishana juu ya siasa bila kipaza sauti. Ukizunguka mbuyu, unakatizwa: "Sema pointi!"

Ukumbini mambo ni tofauti. Mheshimiwa akipewa maiki, kwanza ni "Hamjambo?" Tukijibu, anadai hajasikia. Turudie. Kisha anatangaza kwamba itifaki imezingatiwa, halafu bado anaanza kutaja mmoja mmoja waliokaa mbele. Dakika arobaini baadaye: "Kwa hayo machache..." Tunapiga makofi. Wasee wanatoka wakisema huyo jamaa anajua kuongea.

Mimi nasema hajui. Tumezoea kumpima msemaji kwa sauti na ujasiri, na kumcheka anayesoma karatasi. Lakini karatasi haina kosa.

Tarehe 27 Novemba 2015, Papa Francis alifika Kangemi, katika kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, akasoma hotuba iliyoandikwa. Ndani yake mlikuwa na vitu: maji, vyoo, majitaka, ardhi inayonyakuliwa, hata viwanja vya shule. Mtu wa Kangemi hahitaji kufafanuliwa hayo. Ni mambo anayoyaruka akienda kazini. Siku hiyohiyo, Kasarani, aliiweka kando hotuba aliyoandaliwa na kuwajibu vijana waliomuuliza kuhusu ukabila na ufisadi. Mara ya kwanza karatasi, mara ya pili bila karatasi. Tabia ilikuwa moja: kulitaja jambo kwa jina lake.

Na usidhani kuacha karatasi ni wema wenyewe. Rais Moi alikuwa na mazoea ya kusoma hotuba rasmi kwa Kiingereza, kisha kuiweka chini na kugeukia Kiswahili. Hapo ndipo uwanja ulipochangamka, na hapo pia ndipo wakosoaji walipochapwa kwa maneno. Mwaka 1989, Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 lililopangwa kujengwa Uhuru Park, Moi alimkejeli hadharani. Yeye alikuwa na maiki na umati. Maathai alikuwa akiandika barua, na barua zake zilisema ni bustani gani, ni jengo gani, na nani atapoteza nini. Jengo halikujengwa. Bustani ipo.

Kwa hivyo kipimo changu ni rahisi. Kesho yake asubuhi, msikilizaji anaweza kumwambia jirani nini? Kama ni "aliongea vizuri" peke yake, basi hakusema kitu.

Najua, kwa sababu nimefanya hivyo mwenyewe. Katika mkutano wa wapangaji Kawangware nilipewa dakika tano kuzungumzia maji. Mifereji yetu ilikuwa imekauka wiki ya tatu. Nilipiga "hamjambo" mara tatu, nikarusha methali, nikachekesha watu. Makofi yalikuwa noma. Niliposhuka, mama mmoja akanishika mkono.

"Kijana yangu, umeongea vizuri sana. Sasa hii maji tumuulize nani?"

Jina la ofisi na siku ya kwenda vilikuwa kwenye karatasi, mfukoni mwangu. Sikuitoa, nisionekane nasoma. Nikageuka kuangalia jukwaa. Maiki ilikuwa imeshashikwa na mwingine, na tayari alikuwa anatuuliza kama hatujambo.