Wimbi Lisilohama

Ndiva, bwawa dogo la jadi la kumwagilia mashamba, ikifunguliwa asubuhi kule Chome, Upare, Tanzania, maji hushuka kwa fujo kwenye mfongo, yaani mfereji wake, hupita juu ya jiwe, kisha huinuka nundu moja isiyohama. Maji yanakwenda, nundu inabaki. Nimeona ganda la hindi limenaswa pale, likiyumba kulia na kushoto, likikataa kuchukuliwa. Aliyekulia Upare haoni ajabu kusikia kwamba mtu aliyeketi ndani ya kayaki anaweza kukaa juu ya wimbi la mto bila kusombwa.

Ila kukaa huko ni ufundi, tena ufundi wa heshima. Mpiga kasia huelekeza omo kule maji yanakotoka, hujiachia ateleze kwenye mteremko wa wimbi, kisha huinua ule ubavu unaopokea mkondo. Akichelewa kuuinua, mto unaudaka na kumbinua papo hapo. Kasia hugusa maji tu; kazi yenyewe iko kiunoni na magotini. Mtu hajifunzi ufundi huo mahali pengine ila juu ya wimbi lenyewe.

Vijana wa Jinja, Uganda, waliupata bure, maana Nile inapita mlangoni kwao. Lakini tangu bwawa la Owen Falls la 1954, mto ule umekuwa ukizibwa kipande kwa kipande. Mwaka 2012 bwawa la Bujagali, la megawati 250, lilizinduliwa, na kufikia hapo maporomoko ya Bujagali yalikuwa yamelala chini ya maji yaliyotuama. Mwaka huohuo, watu wa mji wa Columbus, katika jimbo la Georgia huko Marekani, walilipasua bwawa kuukuu la viwanda na kuunda wimbi mahali pake. Mwaka 2023 mashindano ya dunia ya kayaki ya mitindo yalifanyika pale.

Siwalaumu Waganda kwa kutaka umeme, nasi tunauhitaji. Wazee wetu wa Upare nao walizuia maji, lakini ndiva hujazwa usiku ikafunguliwa mchana, na kila mfongo una zamu yake. Walizuia ili wagawe. Kule Nile, mkataba wa 2007 kati ya Uganda na Benki ya Dunia ulitenga maporomoko ya Kalagala na Itanda yasiguswe, yawe fidia ya Bujagali. Mwaka 2019 likazinduliwa bwawa la Isimba, na maji yake yalifunika sehemu ya eneo lilelile lililoahidiwa kuachwa.