Kisu Kipite Wapi Katika Ziwa Tanganyika

Kuanzia Mei hadi Septemba, kusi huyasukuma maji vuguvugu ya juu ya Ziwa Tanganyika na kuyarundika upande wa kaskazini, kule Bujumbura, huku maji baridi yakipanda upande wa kusini, kule Mpulungu. Upepo ukilegea, mpaka kati ya maji hayo mawili hupanda na kushuka kama mizani, kila mzunguko ukichukua wiki tatu hadi nne. Mwaka 2018 Philippe Delandmeter na wenzake walichapisha jinsi SLIM 3D, programu iliyojengwa Louvain-la-Neuve, Ubelgiji, ilivyouiga mwendo huo.

Katika hesabu za namna hii ziwa hutandazwa wavu wa pembetatu, na chini ya kila pembetatu husimama nguzo ya maji yenye matabaka. Kazi hiyo huielemea prosesa moja ya kompyuta, kwa hiyo wavu hugawanywa vipande. Lakini kisu kipite wapi?

Ziwa lina urefu wa kilomita 670 hivi na upana wa wastani wa 50. Likikatwa kimapana vipande 16, mipaka yote 15 ni kilomita 750. Likikatwa kimarefu, mipaka 15 inapita kilomita 10,000! Na mpakani ndipo majirani hupashana habari kila hatua. Prosesa inayosubiri habari haihesabu kitu. Kwenda chini hakukatwi: shinikizo hujumlishwa kutoka juu hadi sakafuni, basi nguzo nzima hubaki kwa prosesa moja, hata penye kina cha mita 1,470.

Kushona ndiko kugumu. Hermann Schwarz alionyesha njia mwaka 1870: vipande vipandiane kidogo, kila kimoja kitatuliwe kwa namba za jirani, irudiwe mpaka vikubaliane. Ila habari husogea kipande kimoja kila raundi; ya Mpulungu hufika Bujumbura baada ya raundi 15. Mawimbi ya ndani ni ya polepole, yanavumilia. Wimbi la juu hukimbia mita 75 hivi kwa sekunde, likavuka ziwa kwa saa mbili na nusu. Kwa hatua ndefu za muda, huongezwa wavu wa pili wenye macho makubwa, unaofikisha habari kila kipande kwa mkupuo mmoja.

Nami natamani hesabu hizi zifike kwenye mafuriko ya Gatumba, jirani na Bujumbura. Mdomo wa mto Rusizi hapo utadai pembetatu ndogo mno, na kipande cha Bujumbura itabidi kifupishwe, la sivyo wenzake 15 watakaa wakikisubiri.