Hina Hukolea Wapi?

Bi harusi wa Lamu, Mombasa au Unguja akinyoosha mikono, wanawake hutazama rangi kabla ya maua. Watasema "imekolea", au watanyamaza, na kunyamaza huko ni hukumu. Mchoro uwe mzuri vipi, ukitoka na rangi ya chungwa haumpi mpakaji sifa. Ndiyo maana kila mpakaji ana siri yake: huyu anakandia kwa chai ya rangi iliyochemka, yule anatia kahawa, na wako wanaothubutu kutia hata petroli. Ukizipima siri hizo kwa kemia ya jani lenyewe, nyingi hazikolezi kitu. Kinachokoleza ni kazi mbili: moja hufanyika bakulini kabla mpakaji hajafika, nyingine hufanyika ngozini baada ya yeye kwenda zake.

Tuanze na bakuli. Ukilishika jani bichi la mhina (Lawsonia inermis kwa wataalamu wa mimea), halikuachii rangi mkononi. Rangi yake, iitwayo losoni, imo ndani ya jani ikiwa imefungamana na sukari, na ikiwa katika hali hiyo haishiki popote. Jani linapokaushwa, likasagwa na kukandwa kwa majimaji yenye uchachu kidogo, kifungo hicho hukatika polepole na rangi ikawa huru. Kiasi chake ni kidogo: katika unga mzuri, losoni ni kama asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito wote. Kilichobaki ni jani. Kwa hiyo unga uliokaa dukani mwaka mzima kwenye mfuko wa nailoni, juani, ukapoteza ukijani wake na kuwa wa rangi ya vumbi, hauna cha kukoleza hata ukiukandia marashi ya Makka.

Hapo ndipo ndimu inapoingia, na kazi yake hueleweka vibaya. Wengi hudhani ndimu ndiyo inayokamua rangi. Maji matupu nayo huikamua, tena upesi zaidi. Tatizo ni kwamba rangi iliyotoka upesi hukutana na hewa na kufa upesi. Uchachu wa ndimu huchelewesha mambo. Rangi hutoka kidogo kidogo na kubaki hai kwa saa nyingi, ndipo mpakaji akapata muda wa kuchora wageni kumi bila hina kuchoka mkononi. Joto nalo huharakisha. Kwa joto la pwani, hina iliyokandwa jioni na kufunikwa vizuri kwa kawaida huwa tayari asubuhi; kwenye chumba chenye kiyoyozi itataka muda zaidi. Dalili huonekana kwa macho: juu uji hugeuka kahawia kwa sababu hewa imeula, chini ukabaki kijani. Kipimo cha uhakika ni tone moja kiganjani kwa dakika tano. Likiacha alama kali ya chungwa, anza kazi. Ukiichelewesha siku kadhaa mezani, rangi inakufa, na hakuna cha kuifufua. Ikibaki, itie kwenye friza mara moja, maana baridi kali huisimamisha pale pale ilipo.

Chai na kahawa zina rangi zao za kupita, zinazokaa juu juu na kuondoka na sabuni. Hazisaidii losoni kushika. Sukari nayo haina rangi kabisa, lakini ina kazi ya kweli: hufanya hina inate na isikauke haraka ikapukutika. Izidi kidogo tu, hasa wakati wa masika hewa ikiwa imejaa unyevu, na mistari itaanza kuteleza kama ubuyu uliopigwa na jua. Kinachosaidia rangi kweli ni baadhi ya mafuta yenye harufu kali, kama ya mkaratusi na lavenda. Mafuta ya karafuu, ambayo Unguja na Pemba hayakosekani, nayo husaidia, lakini huwasha ngozi. Matone machache tu, na mjamzito au mtoto asitiwe kabisa. Petroli haina hoja. Hiyo ni sumu inayopita kwenye ngozi, na atakayeitia kwenye mkono wa mtu anastahili kunyang'anywa bakuli.

Kazi ya pili huanza pale hina inapogusa ngozi. Losoni ni chembe ndogo sana, hupenya kwenye ganda la juu la ngozi, lile lililokwisha kufa, na kujifunga kwenye keratini, protini ile ile iliyojenga kucha na nywele. Kwa kuwa inajifunga ndani ya ganda hilo, haiachi utando juu yake. Hii ndiyo sababu hina haimzuii mwanamke kutawadha, wakati rangi ya kucha ya chupa, ambayo hukaa juu kama plastiki, huzuia maji yasifike kuchani. Na kwa kuwa imeshikamana na ganda lililokufa, hina huondoka ganda hilo linapobabuka: wiki moja hadi tatu, kutegemea mahali na kiasi mtu anachoosha vyombo. Kwenye kucha haina njia ya kubabuka, hivyo hukaa mpaka kucha ikue na kukatwa, na kucha ya mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi.

Mahali pa mwili huamua weusi kuliko kitu chochote kilichotiwa bakulini. Ganda lililokufa la kiganja na la unyayo ni nene mara nyingi kuliko la mkono wa juu au bega. Hina ile ile, ya bakuli moja, mkono mmoja wa mpakaji, itatoka nyeusi-nyekundu kiganjani na kahawia hafifu karibu na kiwiko. Mteja akilalamika kwamba "huku juu haikukolea", mpakaji hana kosa. Hapo hapana pa kukolea. Wapakaji wazoefu hulijua hilo, ndiyo maana huweka sehemu nzito zilizojazwa kwenye ncha za vidole na nyayo, na mistari myembamba ikapanda juu.

Baada ya hapo ni muda na joto. Hina ikae saa sita hadi nane, ikibidi usiku mzima. Ikianza kukauka, hupigwapigwa kwa pamba yenye ndimu na sukari ili isipukutike. Mkono wa baridi hukoleza kidogo, wenye joto hukoleza zaidi, kwa hiyo wazee waliokuwa wakimkalisha bi harusi karibu na chetezo, mikono juu ya moshi wa udi, walikuwa wanafanya kazi ya fundi hata kama walisema ni kwa ajili ya harufu. Kisha hina hukwanguliwa, isioshwe. Maji katika saa za kwanza ni adui. Mafuta ya nazi hutosha kusafisha.

Ikikwanguliwa, rangi huwa ya chungwa, wakati mwingine chungwa la kutia aibu. Hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema. Losoni iliyojifunga huendelea kukutana na hewa, na rangi hushuka kutoka chungwa hadi kahawia iliyoiva kwa saa 24 hadi 48. Hina ya harusi inapaswa kupakwa usiku wa pili kabla ya siku yenyewe. Siku hizi ratiba imebanwa na ukumbi, picha na saluni, hina husogezwa hadi mkesha, na bi harusi huingia na mikono ambayo ingekuwa mizuri kesho yake. Ili kuziba pengo hilo la siku moja, huletwa piko.

Piko nyingi inayouzwa mitaani haina uhusiano na mhina hata kama pakiti imeandikwa hina nyeusi. Ni unga wa kutia nywele weusi, na kiini chake ni kemikali ambayo kwenye pakiti huandikwa p-Phenylenediamine, au PPD. Utaitambua kwa kasi yake: hutoa weusi wa makaa ndani ya saa moja au mbili, hata kwenye ngozi nyembamba ya bega, pale hina ya kweli isipoweza. Hina haijawahi kuanza nyeusi. Katika Umoja wa Ulaya, PPD huruhusiwa kwenye dawa za nywele, isizidi asilimia 2 inapowekwa kichwani, na haruhusiwi mtu kuipaka ngozini. Marekani nayo haijaruhusu ipakwe ngozini. Anayechora mtalii ufukweni Nungwi au Paje hapimi asilimia. Anakoroga mpaka iwe nyeusi.

Hatari yake haionekani siku ile. Mara ya kwanza mwili hujifunza kuichukia kemikali hiyo, na malengelenge yanaweza kuchukua wiki moja au mbili kutokea, yakifuata mchoro maua kwa maua. Mara ya pili malengelenge huja baada ya siku chache, kwa nguvu zaidi. Jeraha likipona linaweza kuacha alama nyeupe au kovu lenye umbo la mchoro.

Anayetaka weusi kwenye nywele bila PPD ana njia ya zamani: hina kwanza, ioshwe, kisha unga wa majani ya mnili. Hina huacha mvi na rangi ya chungwa, nili huifunika kwa buluu, na mchanganyiko wake ni weusi wa kupendeza. Ngozini njia hiyo haifanyi vizuri, nili haidumu.

Hata hina safi ina mtu mmoja asiyepaswa kupakwa. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD ni wa kawaida katika jamii zilizoishi na malaria kwa vizazi, pwani yetu ikiwemo, na losoni ikipenya kwa mtoto mchanga mwenye upungufu huo inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu na kumtia manjano. Kichanga asipakwe, hata nyayo tu, hata arobaini yake ikifika.

Na aliyewahi kuchubuliwa na piko hana budi kumwambia msusi wake kabla hajatiwa dawa yoyote ya nywele, na daktari wa meno kabla ya ganzi, kwa sababu mwili ulioizoea PPD kama adui unaweza kuikataa pia benzokaini, dawa ya ganzi iliyo ndugu yake kikemia.