Bustani ya Forodhani na Utunzaji Wake

Wasomaji wetu wakaao mashamba huenda wakauliza: bustani ya mjini yatuhusu nini sisi tulio na miti tele? Yatuhusu, kwa kuwa watoto wetu huenda mijini kutafuta kazi, na katika mji wa vyumba vyembamba mtu asiye na fedha hana pa kuketi bure ila mahali kama hapo. Basi na tuitazame Forodhani ya Unguja, tuseme lililo jema na lenye kasoro.

Jina lake latukumbusha ushuru uliotozwa hapo zamani. Bustani yenyewe ilitengenezwa katika miaka ya 1930 kwa ukumbusho wa enzi ya Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawazwa mwaka 1911. Mahali palichaguliwa vyema: nyuma yake Ngome Kongwe na Beit el Ajaib, mbele yake bahari na jua likitua. Miaka ikapita, bustani ikachakaa, hata shirika la utamaduni la Aga Khan likaitengeneza upya, ikafunguliwa Julai 2009.

Kazi ile twaisifu kwa kuwa haikujionyesha. Miti mikubwa iliachwa, vijia vikasakafiwa, taa zikatiwa, watoto wakapewa mahali pa kuchezea, na wauzaji wa vyakula wakapangwa upande wao.

Lakini chakula kimeanza kuimeza bustani. Mishikaki, urojo na maji ya miwa ni sifa ya Forodhani, wala hatumwonei mtu kijicho kwa riziki yake. Ila mafuta yakidondoka sakafuni kila usiku, hapana budi yasuguliwe kila asubuhi. Na mtu akiandamwa kwa bei hata asipate kuitazama bahari, bustani imekuwa soko. Sisi twaipima kwa kiti cha bure: je, mama aliyekuja na wanawe bila senti aweza kukaa hapo hata usiku, asiondolewe kwa macho ya watu?

Liko na jambo zito zaidi, nalo halionekani. Ukuta wa bahari hauangushwi na wimbi la siku moja. Maji ya bamvua hupenya katika nyufa ndogo, yakarudi yamechukua udongo ulio nyuma ya mawe, kidogo kidogo, hata pakawa na uvungu. Watu hupita juu yake wakicheka. Mwenye kuziba ufa mapema hutumia chokaa kidogo. Mwenye kungoja hujenga ukuta mpya.

Ushahidi u karibu sana. Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilianguka kwa sehemu siku ya Noeli, 25 Desemba 2020, nalo lilikuwa katika matengenezo, watu walikufa. Kufungua jengo au bustani kuna hotuba na wageni wakuu, lakini kufagia hakuna sherehe. Adamu naye hakuwekwa bustanini ale tu, alipewa na kazi.

Huko Mombasa pia, bustani ya pwani ya Mama Ngina, yenye mibuyu ya kale, ilitengenezwa upya mwaka 2019. Hiyo bado changa, na tusiihukumu kwa rangi yake.

Msomaji atakayefika Forodhani aende siku ya bamvua, asimame karibu na ukuta, aangalie kama sakafu imedidimia, ndipo akanunue mshikaki wake.