Lugha ya Amri, Lugha ya Kumbukumbu: Kisetla katika The Flame Trees of Thika

Kitabu cha Elspeth Huxley, The Flame Trees of Thika (1959), aghalabu husomwa kama kumbukumbu tamu za utoto. Kinasimulia familia ya Kiingereza inayofika Thika muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na kuanzisha shamba la kahawa katika ekari 500 za pori. Wazazi wa mwandishi, Josceline na Nellie Grant, humo wanaitwa Robin na Tilly. Uhakiki wa kitabu hiki umezoea kuuliza ardhi ilikuwa ya nani. Swali hilo ni la msingi, lakini makala hii inaongeza jingine: walowezi hao na watumishi wao walizungumza kwa lugha gani, na lugha hiyo imekwenda wapi katika maandishi?

Lugha yenyewe inajulikana. Ni Kisetla, Kiswahili kilichopunguzwa ili kitoshe kutoa amri. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alikitungia kitabu cha mafunzo, akiwalenga askari, walowezi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Sifa zake ni bayana: upatanisho wa ngeli hulegea, viambishi vya nafsi hudondoshwa, na ukanushi hubebwa na neno “hapana”, kama katika “mimi hapana taka hii kitu”. “Mtoto” huwa “toto”. Katika Kiswahili cha kawaida umbo hili huashiria ukubwa au dharau. Mlowezi analitumia kwa mtoto yeyote. Haifai kukimbilia kusema kuwa alikusudia kudharau, kwani mfuatano wa sauti “mt” humtatiza mzungumzaji wa Kiingereza. Hata hivyo, lugha iliyomrahisishia mmoja ulimi ilimwondolea mwingine kiambishi cha utu.

Huelezwa pia kwamba Kiswahili cha bara kilipoteza upatanisho kwa sababu wenyeji hawakuumudu. Hoja hii haimtoshelezi msomaji wa Singida. Mzungumzaji wa Kinyaturu au Kinyiramba, sawa na wa Kikuyu, ana mfumo wa ngeli katika lugha yake ya kwanza, na upatanisho si jambo geni kwake. Wazungumzaji wa lugha zisizo za Kibantu walichangia mabadiliko hayo, lakini mazingira ya shamba, ambamo mmoja aliamuru na mwingine akatii, hayawezi kuachwa nje ya maelezo.

Turudi kwenye kitabu. Sammy, Njombo na mpishi Juma wanazungumza Kiingereza kilichonyooka na chenye hadhi. Kwa upande mmoja, Huxley anastahili sifa: hakuwafanya Waafrika vichekesho kwa kuwawekea Kiingereza kibovu, na kejeli yake mara nyingi inawaelekea walowezi. Kwa upande mwingine, usafi huo unaficha pengo. Njombo anapodhoofika akiamini kuwa amelaaniwa, tunasoma mazungumzo yake na walowezi kana kwamba pande mbili zilielewana neno kwa neno. Lugha ya amri imeondolewa, na badala yake imewekwa lugha ya kumbukumbu. Msomaji hawezi kupima ni kiasi gani Robin hakuelewa.

Neno “shauri” linaonyesha jambo hilo vizuri. Katika Kiswahili, shauri huhitaji watu wawili au zaidi. Ndiyo maana tunasema kushauriana. Katika Kiingereza cha walowezi neno hilo lilikuja kumaanisha tatizo au kesi inayoletwa mbele ya bwana ili aiamue. Neno lilibaki, kauli ya kutendana ikatoweka.

Wakati wa uchapishaji nao una uzito. Mwaka 1959 Kenya ilikuwa bado chini ya hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, na mauaji ya Hola yalitokea mwaka huohuo. Mtoto anayesimulia hajui Sheria ya Ardhi ya mwaka 1915 iliyowapa walowezi ukodishaji wa miaka 999. Mwandishi wa miaka 52 aliijua. Miaka mitano baadaye, Ngũgĩ wa Thiong’o katika Weep Not, Child (1964) alimweka Ngotho afanye kazi kwa Howlands katika ardhi ya mababu zake mwenyewe. Katika fasihi ya Kiswahili, Gabriel Ruhumbika amewapa manamba nafasi katika Miradi Bubu ya Wazalendo (1992). Wanafunzi wetu wa mikoa ya kati, ambayo ilitoa manamba wengi, wanaingia katika habari hii kwa mlango huo wa vibarua, si kwa ule wa sebule ya Tilly.

Kwa hiyo, anayetaka kukitafsiri kitabu hiki kwa Kiswahili hana budi kuchagua. Akitumia Kiswahili sanifu kote, atarudia ufichaji wa Huxley, safari hii katika lugha ileile iliyofichwa. Makala hii inapendekeza Robin na Tilly waamuru kwa Kisetla, watumishi wawajibu kwa lugha hiyohiyo, na wanapozungumza wao kwa wao wapewe Kiswahili fasaha. Hapo ndipo umbali kati ya jikoni na sebule utakaposikika.