Lami Inayokunywa Maji: Jinsi ya Kuitambua Iliyo Bora

Lami ya kawaida hukaguliwa juani. Unatembea juu yake, unaangalia kama imelala sawa, kama weusi wake umeshiba, kama haina nyufa wala mabonde ya matairi. Lami inayopitisha maji haikaguliwi hivyo. Hii ingoje mvua, tena mvua ya kweli, kisha usimame pembeni mahali malori yanapopita kwa kasi. Likipita lori bila kukuacha umelowa, anza kuwa na imani. Anza tu, kwa sababu lami mpya zote hufanya hivyo.

Shule kubwa ya kazi hii ni Uholanzi. Huko karibu asilimia 90 ya barabara kuu za taifa zina tabaka la namna hii, wenyewe wanaliita ZOAB, na Rijkswaterstaat, idara ya serikali inayosimamia barabara na maji, imelifanya kuwa desturi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Unene wake ni sentimita tano hivi, na katika kila sehemu tano za tabaka hilo moja ni hewa tupu. Maji ya mvua hayakai juu. Yanazama, yanakutana na tabaka la chini ambalo halipitishi kitu, yanafuata mteremko mdogo wa barabara hadi ukingoni, na hapo yanatokea ubavuni mwa lami na kuingia kwenye majani. Usiku wa mvua taa za gari linalokuja hazikupigi machoni kutoka barabarani, na mistari myeupe inaonekana kana kwamba ni usiku mkavu.

Ndiyo maana macho yaliyofundishwa na lami ya kawaida hudanganyika hapa. Kufunga vizuri, kulainika, kung'aa, kushindiliwa mpaka basi: sifa zote hizo ni kasoro kwenye lami hii. Kinachonunuliwa ni uwazi ulioungana kutoka juu hadi ukingoni, na kila swali la ubora linarudi hapo. Uwazi upo? Unapitika? Na kokoto zitashikana kwa muda gani huku zimezungukwa na hewa?

Tuanze na kokoto, maana ndiyo mifupa. Katika lami ya kawaida kuna kila ukubwa, kuanzia kokoto hadi vumbi la mawe, na vidogo vinajaza nafasi kati ya vikubwa. Hapa vile vya katikati vimeondolewa makusudi. Kokoto za karibu ukubwa mmoja zinaegemeana, na mchanga ni kidogo mno. Kwa hiyo mzigo wote wa lori unapita jiwe kwa jiwe, kwenye vijisehemu vidogo vinapogusana. Jiwe laini litapondeka hapo. Jiwe bapa, lile lenye umbo la kigae, litavunjika katikati au litalala na kuziba tundu. Jiwe la mviringo kutoka mtoni halina kona ya kushikia. Okota kiganja cha kokoto kwenye lundo la mkandarasi kabla hazijapikwa: unataka zenye pande zilizovunjwa upya, zenye umbo linalokaribia mchemraba, safi kiasi kwamba ukizisugua mkononi kiganja hakibaki cheupe. Vumbi linalobaki kwenye jiwe huizuia lami kulishika, na lami hii haina pa kuficha udhaifu huo.

Sasa gundi yenyewe. Aliyewahi kupika kashata za karanga ataelewa shida yote bila mhandisi: shira ikiwa nyembamba karanga zinapukutika sahanini, ikizidi inakusanyika chini ya sinia na juu zinabaki kavu. Lami inayopitisha maji inataka kila jiwe livikwe utando mnene, kwa sababu hewa na maji vinaufikia utando huo kutoka pande zote, mchana na usiku, na lami inayokutana na hewa inakakamaa. Lakini ukiongeza lami ya kawaida ya moto, inateleza kwenye mawe na kutuama sakafuni mwa lori njiani kabla hata ya kufika kazini. Waholanzi walianza na lami kiasi cha asilimia 4.5 ya uzito. Baadaye walipanda kupita asilimia 5, wakitia nyuzi za selulosi ili kuizuia isitiririke. Wajapani walichukua njia nyingine, ya kuipa lami mnato mkubwa kwa kuichanganya na polima. Mimi naiheshimu zaidi njia ya Wajapani kwa nchi yenye joto, kwa kuwa nyuzi huizuia lami siku ya kutandaza, ilhali polima inaendelea kufanya kazi miaka yote.

Mchanganyiko uliotiririka unajitaja wenyewe barabarani. Tembea polepole kando ya kipande kilichotandazwa mwezi uliopita, jua likiwa chini ili vivuli virefuke. Utaona doa linalong'aa, kubwa kama meza, ambapo matundu yamejaa lami. Endelea. Baada ya mita kadhaa litatokea la pili, kisha la tatu, kwa umbali uleule. Umbali huo ni shehena ya lori moja. Lami ilituama sakafuni mwa kila lori, na kila lori lilipomalizia kumwaga likaacha alama yake. Baina ya madoa hayo tafuta ndugu yake: mahali palipo na rangi iliyopauka, panapokwaruza kiatu. Hapo mchanganyiko ulifika umepoa, au ulifika na mawe yasiyovikwa vya kutosha, na hapo ndipo kokoto zitaanza kung'oka. Mkaguzi anayetembelea barabara ndani ya gari hatayaona haya hata siku moja.

Kung'oka kwa kokoto ndio ugonjwa unaoiua lami hii. Haizami chini ya magurudumu kama lami ya kawaida. Mifupa yake ni imara. Jiwe moja la juu linapoteza jirani, linayumba, linatoka, na jirani zake wanabaki bila wa kuegemea. Wahispania ndio walioipatia maabara kipimo cha ugonjwa huu, kipimo cha Cantabro. Kipande cha lami cha duara, kipana kama kikombe cha chai, kinatiwa ndani ya pipa la chuma linalozunguka, lile la kupimia ugumu wa mawe, ila bila mipira ya chuma. Kinagongwagongwa kwa mizunguko 300, kisha kinapimwa uzito tena. Kikipoteza zaidi ya asilimia 20 au 25, kutegemea masharti ya nchi, mchanganyiko unakataliwa. Mtu akinipa ripoti ya lami hii nafungua ukurasa huo kabla ya kurasa za nguvu na uimara, na nauliza swali moja zaidi: kipande kilichopimwa kilikuwa kipya, au kilizeeshwa kwanza kwa joto? Kipya karibu kila mara hufaulu.

Siku ya kutandaza ina mitego yake. Rola ziwe za chuma, zipite mara chache, na mtetemo uzimwe. Fundi aliyezoea lami ya kawaida atatamani kuongeza mizunguko miwili mitatu ili roho yake itulie, na kila mzunguko wa ziada unaponda mawe. Utayajua kwa nyuso nyeupe zilizo wazi, jiwe limepasuka na upande mpya hauna tone la lami. Rola za matairi ya mpira zisikaribie kabisa, kwani zinakanda uso na kuufunga. Halafu kuna jambo linalowashangaza wengi: lami hii ikiwa mpya kabisa inateleza kidogo gari likifunga breki kwa nguvu, hata pakiwa pakavu, mpaka magari yalambe utando wa lami ulioko juu ya mawe. Waholanzi huweka vibao vya kuwatahadharisha madereva kwamba breki zitachukua umbali mrefu zaidi. Mkandarasi anayekuonyesha weusi unaometameta kama fahari yake amekuonyesha hatari ya miezi ya kwanza.

Jaribio la chupa ya maji watu wanalipenda, nami silikatai. Mimina lita moja katikati ya njia: kwenye lami nzuri inapotea chini kabla hujasimama wima. Ila jaribio hilo linakwambia tu kwamba kuna mahali pa kuingilia. Mimi huenda ukingoni. Hapo pembeni tabaka linapaswa kuonekana ubavu wake, wazi, na udongo wa pembeni ukiwa chini ya usawa wake. Majani yakiota na udongo ukapanda juu ya ubavu huo, maji yaliyoingia hayana pa kutokea, na lami inakuwa beseni. Nimeona michoro mizuri sana ya tabaka hili ikiwa na ukingo wa zege pembeni usio na tundu hata moja. Hakuna kokoto bora wala polima inayoweza kuokoa mchoro kama huo.

Sikio pia ni kipimo. Tairi linapobingirika juu ya uso uliofunga linabana hewa na kuitema. Hapa hewa inakimbilia kwenye matundu. Tabaka moja la ZOAB linapunguza kelele kwa desibeli 3 hivi, na hiyo ni sawa na kuondoa nusu ya magari barabarani. Kuna aina ya matabaka mawili, kokoto kubwa chini na ndogo juu, inayopunguza zaidi. Fungua dirisha la gari unapovuka kutoka lami ya kawaida kuingia kwenye hii: mlio mkali unashuka ghafla. Baada ya miaka, mlio huo ukirudi, matundu yameziba. Ukisikia mngurumo mzito, kokoto zimeanza kutoka.

Kwenye njia za kurukia ndege masharti yanakaza. Mwaka 1963 watafiti wa NASA, Walter Horne na mwenzake Robert Dreher, walichapisha kanuni ambayo marubani bado wanaikariri: chukua presha ya tairi kwa paundi kwa kila inchi ya mraba, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 9, utapata kasi kwa noti ambayo tairi linaanza kuelea juu ya maji. Tairi la gari dogo lenye upepo wa 30 linaelea kwenye noti 49, yaani kilomita 91 kwa saa. Tairi la ndege lenye 200 linaelea kwenye noti 127, na ndege nyingi za abiria zinatua kwa kasi inayozidi hapo. Uingereza ilianza kuvika njia za ndege tabaka jembamba linalopitisha maji katika miaka ya 1960. Njia nyingine ni kuchonga mifereji midogo. Kipimo cha Marekani ni milimita 6 upana, 6 kina, kila baada ya milimita 38.

Ipi bora? Tabaka linalopitisha maji linaondoa maji ya mvua nzito vizuri sana, lakini lina adui wawili wa pekee. Wa kwanza ni mpira. Kila tairi linalogusa chini linaacha ngozi, na mahali pa kutua pa kiwanja chenye shughuli nyingi panageuka kuwa zulia jeusi lililoziba. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, haishauri litumike kwenye njia zenye ndege nyingi kwa sababu hiyo. Wa pili ni jiwe lililong'oka. Barabarani linapasua kioo. Uwanjani linaingia kwenye injini. Kwa hiyo kwenye njia ya ndege fagia kwanza, hesabu kilichobaki kwenye ufagio, halafu ndipo uongelee maji.

Uwanja wa ndege wa Congonhas, São Paulo, ni somo la kutokuhukumu haraka. Tarehe 17 Julai 2007 ndege ya Airbus A320 ilitua kwenye njia iliyolowa ambayo lami yake ilikuwa mpya na mifereji ilikuwa haijachongwa. Ilitoka nje ya njia na watu 199 wakafa, 12 kati yao wakiwa chini. Njia ile ililaumiwa siku hiyohiyo. Uchunguzi uliweka uzito kwenye mkono wa injini uliobaki mahali pa kuongeza nguvu. Hata hivyo njia kuu ya Congonhas ilipovikwa upya mwaka 2020, ilipewa tabaka linalopitisha maji.

Nikiulizwa kama nyumbani kwetu panafaa, nauliza kwanza kuhusu vumbi. Magari yanayokwenda kasi mvuani hunyonya uchafu kutoka kwenye matundu, kwa hiyo lami hii inajisafisha palipo na mbio na kuziba palipo na foleni. Mabega ya changarawe, malori yanayomwaga mchanga njiani, dizeli inayodondoka kwenye mlima na kuyeyusha lami: vyote hivyo vinaila. Kipande cha barabara ya haraka chenye mabega ya lami na mtu wa kukata udongo wa pembeni kinaweza kuishi. Mtaa wa soko, hapana.

Mwisho angalia marekebisho. Kiraka cha lami ya kawaida katikati ya njia ni bwawa: maji yanayotoka juu yanakigonga na kupanda. Uholanzi njia ya malori, ile ya kulia, hudumu miaka 10 hadi 12 hivi, ya kushoto zaidi, kwa hiyo mara nyingi hubadilishwa ya kulia peke yake, na maji ya njia ya zamani lazima yapite ndani ya ile mpya. Piga goti penye kiungo cha hizo mbili. Fundi wa lami ya kawaida hupaka kiungo lami ya moto ili kukiziba, na amefundishwa hivyo kwa miaka mingi. Ukiukuta mstari huo mweusi unaong'aa, rudi mvua inaponyesha: upande wa kushoto wa mstari utakuwa na maji yamesimama, na malipo ya mwisho yangoje mpaka kiungo kikatwe upya.