Aya ya 28: Sentensi Isiyo na Mwenyewe

Uamuzi uliopitishwa Dubai tarehe 13 Desemba 2023, mwishoni mwa mkutano wa tabianchi wa COP28, ulisifiwa kwa jambo moja kubwa: baada ya karibu miaka 30 ya mikutano ya aina hiyo, nchi zote zilikubali kuandika kwamba dunia iondokane na nishati ya visukuku. Sifa hiyo ni ya maudhui. Lakini hati ya kidiplomasia husema mengi kwa umbo lake, na umbo la aya ya 28, iliyobeba maneno hayo, linatuonyesha ni nani aliyekuwa na nguvu ilipoandikwa na ni nani hakuwa nazo.

Aya nzima ni sentensi moja. Inaanza kwa kutambua haja ya kupunguza gesi joto kwa kina, kwa haraka na kwa mfululizo. Kisha inatoa wito kwa nchi zichangie katika juhudi za dunia zinazotajwa chini yake. Mkutano, basi, hauamui wala hauagizi. Unatoa wito. Na wito wenyewe si wa kuacha mafuta, ni wa kuchangia juhudi. Kabla msomaji hajafika kwenye juhudi yoyote, anapitishwa kwanza kwenye masharti: kila nchi itachangia kwa namna itakayojipangia, kwa kuzingatia Mkataba wa Paris, na kwa kuzingatia hali, mwelekeo na mbinu zake. Mlango wa kutokea umejengwa kabla ya chumba.

Halafu inakuja orodha ya vipengele vinane. Linganisha cha kwanza na cha nne. Cha kwanza kinataka uwezo wa kuzalisha nishati jadidifu duniani uongezwe mara tatu, na kasi ya kuboresha ufanisi wa nishati iongezwe maradufu, ifikapo 2030. Kiasi kipo, mwaka upo. Cha nne ndicho cha kuondokana na nishati ya visukuku. Hapo hakuna kiasi, wala hatua ya kupimia njiani. Mwaka 2050 umetajwa kama upeo wa kufikia sifuri halisi ya utoaji wa gesi joto. Badala ya vipimo kuna vielezi: kwa haki, kwa utaratibu, kwa usawa. Tena kazi yote imefungwa ndani ya mifumo ya nishati peke yake. Penye jambo lisilomgharimu sana mwenye visima vya mafuta, hati inahesabu. Penye jambo linalomgusa, tarakimu zinayeyuka.

Aya ya 29 inamalizia kazi hiyo kwa kutambua kwamba nishati za mpito zinaweza kuwa na nafasi yake. Haisemi ni zipi, ingawa wengi waliisoma kama kibali cha gesi asilia. Nchi yenye gesi, Tanzania na Msumbiji zikiwemo, inaweza kusimama juu ya aya ya 29 bila kuvunja hata neno moja la aya ya 28.

Uandishi huu si uzembe. Ni zao la maafikiano. Kanuni za utaratibu za mikutano hii hutumika kama rasimu tangu mkutano wa kwanza, Berlin, 1995, isipokuwa kanuni ya 42, ile ya kupiga kura, ambayo nchi hazikukubaliana juu yake. Saudi Arabia na wazalishaji wenzake wa mafuta walishikilia maafikiano. Ibara ya 18 ya mkataba mama wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa inaipa kila nchi kura moja. Kura ipo, sanduku halipo. Kwa hiyo kila sentensi lazima imridhishe hata yule anayefaidika na kuchelewa, na kila anapogoma, kitenzi kinalegezwa.

Kikao chenyewe nacho kina umbo lake. Huko Dubai, rais wa mkutano, Sultan Al Jaber, aligonga nyundo kupitisha uamuzi muda mfupi tu baada ya kikao cha mwisho kufunguliwa. Ndipo Anne Rasmussen wa Samoa, akizungumza kwa niaba ya muungano wa nchi 39 za visiwa vidogo, majirani zetu Wakomoro wakiwemo, akaeleza kwamba uamuzi ulipitishwa wao wakiwa hawamo ukumbini. Ukumbi ulisimama ukampigia makofi. Hati haikubadilika hata nukta. Katika mkutano wa Baku mwaka 2024, Chandni Raina wa India alipinga lengo la fedha za tabianchi la dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, naye pia nyundo ikiwa imeshagongwa.

Watetezi wa maafikiano husema yanamkinga mnyonge. Hoja hii ina uzito, na kura moja kwa kila nchi nayo ina kasoro: Tuvalu yenye watu kama 10,000 italingana na India yenye zaidi ya bilioni 1.4. Lakini katika mkutano wa Cancún mwaka 2010 Bolivia ilikataa uamuzi waziwazi, na mwenyekiti, Patricia Espinosa, akagonga nyundo. Kinga inayotegemea mkono wa mwenyekiti si kinga. Kura huhesabika, na huacha jina la aliyekataa.

Wahenga walisema wengi wape. Papua New Guinea na Mexico zilipendekeza mwaka 2011 kwamba kura iwe njia ya mwisho maafikiano yakishindikana. Pendekezo hilo halijapitishwa, na wajumbe wa Afrika Mashariki wanapaswa kulibeba upya, pamoja na sharti kwamba nyundo isigongwe kabla walio hatarini zaidi hawajaketi. Mpaka siku hiyo, msomaji, ukiletewa uamuzi mwingine wa tabianchi, usianze na sifa zake. Tafuta mtenda, tafuta tarakimu, kisha uliza nani hakuwemo ukumbini.